Ugonjwa wa mishipa ya moyo: ni wa Wazungu kweli?

Leo mimi mutu wa mashamba naingia katika mambo ya waganga. Munisamehe, iko sababu.

Baba yangu mukubwa alikufa Mongbwalu usiku mumoja, akiwa na miaka 53. Alianza kama muchimbaji, kisha akawa mununuzi wa dhahabu, na toka siku ile hakutembea tena kwa miguu: pikipiki asubuhi, pikipiki jioni. Jioni ile alikunywa bia mbili kwa mama mumoja jirani, akarudi nyumbani, akasema kifua kinamubana kama mutu amekalia juu yake. Jasho likamutoka, mukono wa kushoto ukawa muzito. Mbele ya jogoo kuwika alikuwa amekwisha. Kesho yake kila mutu alijua: ni sumu. Yule mama alihama kata na kuacha hata makreti yake. Wakati nilijaribu kusema pengine ni moyo, muzee mumoja akanikata maneno: «Ugonjwa wa moyo wa namna hiyo ni wa Wazungu.»

Nilikasirika. Lakini kisha kusoma, niliona muzee hakusema uongo. Alisema kitu kilichokuwa kweli wakati wa baba yake.

Tuvuke mupaka, twende Kampala, kule watu wetu wa Ituri wanaenda kununua bidhaa na kutafuta matunzo. Pale hopitali ya Mulago, munganga Muingereza Hugh Trowell alikuwa amefanya kazi katika Afrika ya Mashariki toka 1929. Katika 1956, yeye na mwenzake Singh waliandika katika gazeti la waganga habari ya Mwafrika mumoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mugonjwa mumoja tu! Leo nani atapoteza wino juu ya mugonjwa mumoja wa moyo? Waliandika kwa sababu ilikuwa ajabu. Na yule mugonjwa hakuwa mulimaji. Alikuwa jaji, mutu munene, aliyezoea meza ya Kizungu.

Katika 1960 ikatoka hesabu ambayo mpaka leo inanishangaza. Waganga walipasua maiti 632 za Waganda waliopita miaka 40, wakatafuta alama za moyo uliokufa kwa kukosa damu. Wakachukua tena maiti 632 za Saint Louis, Marekani, watu wa miaka ileile. Saint Louis walipata 136. Uganda walipata mumoja, na hata huyo kidonda chake cha moyo kilikuwa kimekwisha kupona. Mutu anaweza kujibu kwamba Waafrika wa wakati ule walikufa mapema kwa malaria na magonjwa mengine. Ni kweli, lakini ndiyo sababu walilinganisha watu wa miaka sawa.

Basi ni damu ya Mwafrika inayomulinda? Wengi waliwaza hivyo. Mwaka wa 1959, Shaper na Jones, palepale Kampala, waliangalia Waafrika na Wahindi wa mji uleule. Wahindi walikuwa wanakufa na moyo, na kolesteroli yao ilipanda kadiri walivyozeeka. Ya Waafrika, wale wa matoke, viazi na maharage, ilibaki chini. Jua lilikuwa moja, mvua moja, hata hopitali moja. Sahani ndiyo ilikuwa tofauti.

Hapa ningependa kufunga hesabu na kusema «ni mafuta tu», lakini Wamasai wanakataa. Katika miaka ya 1960, Mumarekani George Mann alikwenda kuwapima Wamasai wa Tanganyika. (Mbele ya hapo alikuwa amepima hata watu wa msituni wa Congo yetu, wale vitabu vinaita Pygmées, habari yao ilitoka 1962.) Wamasai wanakunywa maziwa mengi na kula nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini, na ugonjwa wa moyo ulikuwa haba sana kwao. Katika 1972, Mann na wenzake wakatoa habari ya mioyo ya wanaume 50 Wamasai waliokufa. Ndani ya mishipa mafuta yalikuwamo, sawa na ya wazee wa Marekani! Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliwaza ni juu ya kutembea: watu wanaofuata ngombe kutwa nzima, kila siku, maisha yote. Waganga wengine hawakukubaliana naye. Mimi hadithi hii inanipendeza kwa sababu inavunja majibu mepesi.

Sasa ugonjwa wenyewe unakwenda namna gani? Moyo unasukuma damu kwa mwili wote, lakini nao una mishipa yake ya kuulisha. Inauzunguka kama taji, na jina lake la Kifaransa linatoka kwa neno hilo la taji. Sisi wa agronomia tunawaza mara moja mufereji wa maji unaojaa matope kidogo kidogo. Mufano ni muzuri, lakini unadanganya. Mafuta hayabaki juu ya ukuta wa mushipa, yanaingia ndani yake na kuwa kama jipu. Linakaa miaka 20, 30, bila mutu kusikia kitu. Siku moja linapasuka, damu inaganda pale, na mulango unafungwa. Ndiyo maana mutu anauza dhahabu muchana, anacheka, anakunywa bia mbili, na usiku anakufa. Bia haina neno. Jipu lilianza kabla yule mama hajafungua duka.

Kule Framingham, Marekani, toka 1948 walifuata watu 5.209 mwaka kwa mwaka, na ndipo ikaonekana wazi: tansiyo ya juu, kolesteroli, sigara. Katika 2004 utafiti mwingine wa inchi 52, na Afrika ndani, uliongeza sukari, tumbo kubwa, mawazo mengi, kukosa mboga na matunda, kukaa bila kutembea. Kwa Waafrika weusi, tansiyo ilionekana kuwa na uzito wa pekee.

Turudi Mongbwalu na orodha hiyo mukononi. Dhahabu ya Kilo ilijulikana 1903, na wakubwa wetu waliochimba wakati wa ukoloni walikula posho, wakatembea, wakasukuma mawe. Taabu yao siitamani hata kidogo. Lakini mujukuu wao leo ana pikipiki, sigara, mikate myeupe, chumvi ya kutupa kwa konzi, na mawazo: vita vya 2002 na 2003 vilipita pale, na usalama haujarudi kabisa. Nani anapimwa tansiyo? Kuhusu mawese, wengi watanitukana: karibu nusu ya mafuta yake ni ile namna inayoganda na kupandisha kolesteroli. Lakini tate zetu walikula mawese yaleyale, pamoja na sombe, maharage na kilometa 15 za miguu. Kuhukumu mawese peke yake ni uvivu.

Kitu kimoja tena, kwa wale wanaoishi mbali na munganga. Katika 1988 utafiti mukubwa wa wagonjwa 17.187 waliobanwa na moyo ulionyesha nguvu ya aspirini, miligrama 160 kwa siku. Kwa kila watu 100 wasiopewa, karibu 12 walikufa katika wiki tano. Kwa waliopewa, karibu 9. Ni dawa ya franga kidogo. Mwenye kutokwa damu tumboni ao mwenye kuikataa mwilini asiichezee, na haichukui nafasi ya hopitali. Inatafunwa njiani, wakati pikipiki inakimbiza mugonjwa. Usiku ule kwetu pikipiki ilikuwa mulangoni, lakini ilitumwa kumutafuta mutu wa kutapisha sumu.

Mwezi uliopita nilimusomea mama mukubwa habari hii yote, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani. Alinyamaza muda. Kisha akauliza kama najua yule mama anakaa wapi sasa. Nilimwambia watu wanasema yuko Bunia, anauza mandazi. Akasema nitafute namba yake.