Ustahiki wa bima ya afya ya umma nchini Kenya

Ustahiki wa bima ya afya ya umma ni haki ya mtu kulipiwa matibabu na mfuko wa serikali, pamoja na masharti anayopaswa kuyatimiza kwanza. Nchini Kenya masharti hayo yamebadilishwa mara kadhaa tangu 1966. Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoivunja hazina ya zamani, NHIF, na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wananchi huiita SHA. Kwa maandishi, sheria hiyo inamhusu kila mkazi wa nchi. Mgonjwa anapofika hospitalini, hata hivyo, swali analoulizwa ni moja: umelipa?

NHIF ilianzishwa 1966 kwa ajili ya waajiriwa waliopata mshahara wa Sh1,000 au zaidi kwa mwezi, kiwango cha wachache enzi hizo. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wasioajiriwa waliotaka kujiunga kwa hiari, na sheria ya 1998 ikaitoa hazina hiyo chini ya wizara na kuipa bodi yake. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa Waziri wa Afya Charity Ngilu uliotaka kumwingiza kila mtu, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini. Kuanzia Desemba 2018 serikali ilijaribu njia nyingine katika kaunti za Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos, ambako ada za hospitali za umma ziliondolewa. Huko mkazi alistahiki kwa kuwa mkazi tu, bila mchango wowote. Jaribio hilo halikuenezwa nchi nzima. Waliotunga sheria ya 2023 walirudi kwenye michango.

Rais William Ruto alitia saini sheria hiyo tarehe 19 Oktoba 2023, na huduma zikaanza 1 Oktoba 2024. Mifuko ni mitatu. Mfuko wa Afya ya Msingi hutegemea kodi na hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Hapo mtu anahitaji kuwa amesajiliwa tu. SHIF, mfuko wa michango, hulipia matibabu ya hospitali, na humlipia yule ambaye mchango wake uko hai. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu; kwa magonjwa sugu huanza pale fungu la SHIF linapokwisha.

Kwa mwajiriwa, ustahiki haukubadilika sana. Kilichobadilika ni makato. Badala ya viwango vya NHIF vilivyoishia Sh1,700, sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Anayelipwa Sh20,000 alishuka kutoka Sh750 hadi Sh550. Wa Sh100,000 alipanda kutoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Kelele nyingi zilitoka kwa huyu wa pili, na ndizo zilizojaa magazetini, ingawa mwenye tatizo la kweli la ustahiki hana hata hati ya mshahara.

Huyo ni mtu wa juakali: mama mboga, mwendesha bodaboda, kibarua, muuza samaki wa Kongowea. Chini ya NHIF alilipa Sh500 kwa mwezi, tajiri na maskini sawa. Chini ya SHA huulizwa maswali kuhusu kaya yake: kuta za nyumba, paa, choo, maji, mifugo. Majibu hutumika kukadiria mapato, kisha asilimia 2.75 ya makadirio hayo huwa mchango wake, usiopungua Sh300 kwa mwezi. Hesabu ya mwaka kwa aliyewekwa kiwango cha chini ni Sh3,600, nafuu kuliko Sh6,000 za NHIF. Ugumu uko kwingine: fedha hizo hutakiwa zote kwa pamoja, kabla ya mwaka wa bima kuanza. Anayekula alichopata leo huweza kupata Sh300. Kuwa na Sh3,600 mkononi siku moja ni habari nyingine. Aliyekadiriwa Sh1,000 kwa mwezi hutakiwa kutoa Sh12,000, na nyumba ya mawe aliyorithi kwa babake huweza kumpandisha daraja hata kama biashara imelala. Ili kupunguza mzigo huo ulianzishwa mwaka 2025 mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao kwa kweli ni mkopo wa kulipia bima. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza.

Kundi jingine lililoguswa ni waja wazito. Mpango wa Linda Mama ulimpa mjamzito asiye na bima haki ya kujifungua bila malipo, kwa sababu tu ya ujauzito wake. Sasa uzazi umeingizwa katika SHIF, na mama asiye na mchango hulazimika kulipa wa mwaka mzima au kugharamia uzazi mfukoni. Hapo mageuzi yalipunguza ustahiki, hata kama hotuba zilisema umepanuliwa.

Mahakama Kuu ilitangaza 12 Julai 2024 kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, ikalipa Bunge siku 120 kuirekebisha. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ilisitisha uamuzi huo, na utekelezaji ukaendelea.

Kufikia katikati ya 2025 zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamesajiliwa. Kati ya wale wa sekta isiyo rasmi, waliolipa walikuwa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo msomaji mwenye ujumbe wa simu unaothibitisha usajili wake asidhani kwamba tayari ana bima ya hospitali. Apige *147# angali mzima, aangalie kama mchango wake umelipwa.