Ibada za kila siku katika Hekalu la Tirumala

Ibada za kila siku katika Hekalu la Tirumala ni mfululizo wa matendo ya dini ya Uhindu yanayofanyika, kuanzia kabla ya alfajiri hadi usiku wa manane, katika hekalu la mungu Venkateswara lililopo juu ya mlima wa Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, kusini mwa Uhindi. Venkateswara (huitwa pia Balaji, Srinivasa au Govinda) anaaminiwa na Wahindu kuwa umbo la Vishnu. Hekalu hili ni miongoni mwa mahali pa hija panapopokea watu wengi zaidi duniani.

Msomaji asichanganye maneno mawili yanayofanana: Mhindi ni mtu wa nchi ya Uhindi au mwenye asili ya huko, lakini Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Wahindi wengi ni Wahindu, ila si wote.

Mahali

Tirumala iko kwenye safu ya milima ya Seshachalam, mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima hiyo inahesabiwa kuwa saba, na mapokeo husema ni vichwa saba vya nyoka Adisesha ambaye Vishnu hupumzika juu yake. Chini ya mlima kuna mji wa Tirupati. Barabara ya kwanza ya magari ilifunguliwa mwaka 1944; kabla ya hapo watu walipanda kwa miguu au walibebwa. Hata leo wengi huchagua kupanda kwa miguu, hasa wale walioweka nadhiri. Njia maarufu zaidi huanzia Alipiri na ina ngazi 3,550. Baadhi ya wanawake hupaka kila ngazi manjano na unga mwekundu wakiwa wameinama, kwa hiyo safari yao huchukua saa nyingi.

Msingi wa ibada

Ili kuelewa yanayotendeka hapo ni lazima kushika wazo moja: kwa waumini, sanamu iliyowekwa wakfu si picha ya ukumbusho, bali mungu mwenyewe yupo ndani yake. Kwa sababu hiyo anahudumiwa kama mfalme anayeishi katika jumba lake. Huamshwa, huogeshwa, huvikwa, hulishwa, husomewa hesabu zake, hupokea wageni, na mwishowe hulazwa. Utaratibu huu unafuata mafundisho ya Vaikhanasa, mojawapo ya mapokeo ya kale ya ibada ya Vishnu. Mwalimu Ramanuja, aliyeishi katika karne ya 11 na ya 12, anatajwa na mapokeo kuwa ndiye aliyeimarisha taratibu za hekalu na kuweka watawa wa kuzisimamia.

Sanamu kuu ni ya jiwe, imesimama, na haiondolewi kamwe mahali pake. Kwa kuwa haisogezwi, ziko sanamu nyingine nne ndogo za madini zinazoitenda kazi kwa niaba yake. Bhoga Srinivasa, ya fedha, ndiyo inayoogeshwa kila siku na kulazwa usiku. Malayappa hutoka nje kwa maandamano pamoja na wake zake wawili, Sridevi na Bhudevi. Koluvu Srinivasa huketi barazani. Ugra Srinivasa hutolewa nje mara moja tu kwa mwaka, kabla jua halijachomoza.

Mwendo wa siku

Siku huanza mnamo saa 9 usiku. Mtu wa kwanza kwenye mlango wa dhahabu si kuhani, bali ni mfugaji wa ukoo wa Wagolla, ambaye kwa haki ya kurithi hubeba mwenge na kuwatangulia makuhani. Mapokeo husema babu yake alikuwa wa kwanza kumwona mungu mlimani. Milango inapofunguliwa, wasomaji waliosimama nje huimba Suprabhatam, yaani "asubuhi njema", shairi la Kisanskrit la karne ya 15 linalomwamsha Venkateswara. Beti yake ya kwanza imechukuliwa kutoka Ramayana ya Valmiki, pale mwenye hekima Vishvamitra anapomwamsha kijana Rama. Shairi hilo liliimbwa na M. S. Subbulakshmi katika rekodi ya miaka ya 1960, na tangu hapo husikika asubuhi katika nyumba nyingi za Uhindi ya kusini, hata zile ambazo wenyewe hawajawahi kupanda mlima huo.

Ndani, Bhoga Srinivasa huinuliwa kutoka kitandani na kurudishwa miguuni pa sanamu kuu. Hutolewa maziwa, siagi na sukari, na moto wa kafuri huzungushwa mbele ya uso. Waliopata nafasi ya kuhudhuria huruhusiwa kuingia na kumwona mungu "aliyeamka sasa hivi". Kisha chumba husafishwa.

Ibada ya pili ni Thomala, ya makoja ya maua. Maua na majani ya tulasi, aina ya mrehani, huletwa ndani ya kikapu kutoka chumba maalumu ambamo yalisukwa. Maua yanayokuzwa au kuletwa Tirumala ni ya mungu peke yake. Kwa desturi ya mahali hapo, wanawake hawavai maua kichwani wakiwa mlimani, jambo ambalo mgeni kutoka sehemu nyingine za kusini hulitambua mara moja, maana kwingineko maua kichwani ni pambo la kawaida kabisa.

Baadaye hufuata Koluvu, yaani baraza. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hapa ndipo wazo la ufalme linapoonekana wazi kuliko penginepo. Koluvu Srinivasa huketishwa kwenye kiti chini ya mwavuli. Kuhani humsomea kalenda ya siku: tarehe ya mwezi, nyota inayotawala, sikukuu inayokaribia. Halafu husomwa hesabu ya sadaka zilizopatikana jana, fedha na vito, kama mhasibu anavyotoa taarifa kwa mwenye mali. Chakula cha baraza hiyo ni ufuta uliotwangwa pamoja na sukari guru. Kusoma hesabu kunahusiana na hadithi maarufu kwamba Venkateswara alikopa kwa Kubera, mungu wa utajiri, ili agharamie harusi yake, na kwamba sadaka za waumini zinamsaidia kulipa deni hilo.

Baada ya baraza hutajwa majina 1,008 ya mungu, jani moja la tulasi likitolewa kwa kila jina. Kisha ni wakati wa chakula. Milango hufungwa, kengele kubwa hupigwa, na hakuna anayeona mungu akila. Vyakula ni vya wali wa namna mbalimbali, pamoja na vitamu. Kwa desturi, kinachovuka kizingiti cha chumba cha ndani kabisa ni wali wa mtindi ndani ya kipande cha chungu cha udongo. Mapokeo huliunganisha jambo hili na mfinyanzi maskini aliyetoa sadaka ya udongo kwa kuwa hakuwa na kingine, na sadaka yake ikapendeza kuliko dhahabu ya mfalme. Kizingiti chenyewe kinaitwa kwa jina la Kulasekhara, mfalme na mshairi aliyetamani kuwa ngazi mlangoni pa mungu.

Mchana hufanyika ibada ya harusi, ambamo Malayappa huozwa Sridevi na Bhudevi. Hurudiwa karibu kila siku, na wanandoa wengi huja kuhudhuria. Jioni sanamu hiyo hupembezwa katikati ya taa elfu moja. Majina na chakula hurudiwa tena mchana na usiku, lakini kwa ufupi.

Ibada ya mwisho ni kulaza. Bhoga Srinivasa huwekwa juu ya kitanda kinachoning'inia kwa minyororo, hupewa maziwa na matunda, na mtu wa uzao wa Annamacharya huimba wimbo wa kubembeleza. Annamacharya (1408–1503) alitunga kwa Kitelugu maelfu ya nyimbo kwa ajili ya Venkateswara; zilichongwa juu ya mabamba ya shaba, zikasahaulika ndani ya chumba cha hekalu, hadi zilipotolewa tena mwanzoni mwa karne ya 20. Moto wa mwisho hutolewa kwa jina la Vengamamba, mshairi mwanamke na mjane wa karne ya 18 na 19. Siku za msongamano milango hubaki imefungwa kwa muda mfupi tu kabla ya wimbo wa kuamsha kuanza tena.

Tofauti za juma na mwaka

Alhamisi vito huondolewa na alama nyeupe ya usoni hupunguzwa, hivyo macho ya sanamu huonekana. Jioni hufunikwa kwa maua. Ijumaa ndiyo siku ya kuogesha sanamu kuu yenyewe kwa maji, maziwa, manjano na sandali. Kwa mwezi mmoja, kuanzia katikati ya Desemba, Suprabhatam huachwa, na mahali pake huimbwa Tiruppavai, beti 30 za Kitamil za Andal, mshairi mwanamke.

Mahujaji

Makumi ya maelfu hufika kila siku, na siku za sikukuu zaidi. Kumwona mungu huitwa darshan, na kwa walio wengi hudumu sekunde chache baada ya kusubiri foleni kwa saa nyingi. Foleni ya bure iko wazi kwa wote. Tiketi ya rupia 300 hufupisha kungoja. Nafasi za kuhudhuria ibada za alfajiri ni chache mno, na sehemu yake hugawanywa kwa bahati nasibu ya kompyuta. Tofauti hii kati ya mwenye tiketi na asiye nayo hujadiliwa sana Uhindi. Msongamano wenyewe ni hatari: tarehe 8 Januari 2025 watu 6 walikufa mjini Tirupati katika mkanyagano walipokuwa wakingojea vibali vya sikukuu ya Vaikunta Ekadasi.

Wengi hunyoa nywele kutimiza nadhiri, wanaume kwa wanawake, na nywele hizo huuzwa kwa mnada kwa faida ya hekalu. Wakitoka hupata chakula cha bure katika kumbi kubwa na ladu, mviringo mtamu wa unga wa dengu, sukari, samli, korosho, zabibu kavu na iliki. Jina la ladu ya Tirupati linalindwa kisheria tangu mwaka 2009.

Makuhani na usimamizi

Chini ya Waingereza hekalu lilisimamiwa na Kampuni ya Mashariki ya Uhindi, na kuanzia mwaka 1843 na watawa wa Hathiramji. Sheria ya mwaka 1932 iliunda bodi inayoitwa Tirumala Tirupati Devasthanams. Kazi ya ukuhani iliendelea kurithiwa ndani ya koo chache, pamoja na fungu la mapato, hadi sheria ya jimbo ya mwaka 1987 ilipofuta haki hiyo. Makuhani walipinga, na Mahakama Kuu ya Uhindi mwaka 1996 iliamua kwamba serikali inaweza kufuta urithi wa cheo, lakini namna ya kuabudu lazima ifuate mapokeo.

Tarehe 20 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, mahujaji walizuiwa kwa zaidi ya miezi miwili. Ibada zote ziliendelea faraghani: kuamsha, baraza, chakula na kulaza, makuhani wakiwa peke yao. Kwa mafundisho ya Vaikhanasa hakukuwa na upungufu wowote, kwa kuwa huduma ni ya mungu, na watu ni wageni wake.

Mavazi na masharti

Wanaoingia hutakiwa kuvaa mavazi ya kienyeji: wanaume shuka ya kujifunga au suruali pana yenye kanzu fupi, wanawake sari au vazi la kufunika mwili lenye mtandio. Viatu, simu na kamera haviruhusiwi ndani. Asiye Mhindu huweza kuingia baada ya kutia sahihi tamko kwamba anamheshimu Venkateswara. Kwa desturi, hujaji hupita kwanza katika hekalu la Varaha, karibu na bwawa takatifu, kwa sababu husimuliwa kuwa Varaha ndiye mwenye ardhi na Venkateswara alikuja baadaye akamwomba mahali pa kukaa.