Kungwi na Mfungwa: Malezi ya Vijana wa Wamumu

Katika mapokeo ya Waswahili, kungwi ndiye anayemwongoza kijana jandoni, akamfunda na kumfunulia maana ya utu uzima. Wagikuyu nao wana mutiiri, anayemsimamia kijana siku ya tohara. Dhamana ya wote wawili hutoka kwa wazazi na jamii. Swali linalozuka ni hili: malezi huwa nini pale ambapo kungwi ndiye pia mlinzi wa kambi?

Historia ya Kirinyaga inalijibu kwa sehemu. Ukishuka kutoka Kianyaga, penye chai na kahawa, unafika tambarare ya Mwea, iliko Wamumu. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, wavulana wengi walitiwa kizuizini Manyani pamoja na watu wazima. Kufikia mwaka 1956, baadhi yao walikuwa wamehamishiwa Wamumu, chini ya Roger Owles na Geoffrey Griffin. Huko walisomeshwa, wakafunzwa useremala na uashi, wakacheza kandanda na kupiga gwaride. Wasiotahiriwa walitahiriwa kambini. Kwa tendo hilo, serikali ya kikoloni ilijitwalia kiti cha wazee, ambao wengi wao yenyewe ilikuwa imewafunga.

Haifai kuubeza wema uliotendeka Wamumu. Vijana wengi walitoka na ujuzi na kazi. Lakini haifai pia kuutenga wema huo na mazingira yake. Tangu mwaka 1957, katika kambi nyingine za Mwea hiyohiyo, watu wazima waliokataa kukiri kiapo walipigwa ili wavunjwe nia. Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, ikaahidi kuwafidia walalamishi 5,228. Kwa hiyo mkono uliomlea mwana na mkono uliompiga baba ulikuwa wa utawala mmoja. Kijana alifundwa uaminifu, lakini hakuwa na hiari ya kuuliza uaminifu huo ni kwa nani.

Hapa ndipo umuhimu wa Joseph Gikubu unapodhihirika. Yeye mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini. Hata hivyo, tarehe 14 Novemba 1959, pamoja na Griffin na Geoffrey Geturo, alianzisha kituo cha Starehe jijini Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya wavulana wasio na makao. Kazi ilifanana na ile ya Wamumu, ila uhusiano ulikuwa umebadilika: mfungwa wa jana alikuwa amegeuka mlezi, na mvulana hakuletwa kwa bunduki.

Ni dhahiri, basi, kwamba ufundi wa mlezi peke yake hautoshi kuyapima malezi. Kijana aliyeasi huhitaji mtu wa kumshika mkono. Lakini mkono huo huwa wa kungwi pale tu kijana anapokuwa na uwezo wa kuuachilia.