Daftari la Wodi na Kofia ya Tarishi

Tarehe 13 Mei 1935, mtu mmoja alikuwa akiendesha pikipiki katika njia ya mashamba huko Dorset, kusini mwa Uingereza. Ghafla akawaona mbele yake vijana wawili juu ya baiskeli. Alijaribu kuwaepa, akatupwa chini, akaumia vibaya kichwani. Mtu huyo alikuwa T. E. Lawrence, aliyepata sifa kubwa kwa kupigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alilala siku sita bila fahamu, akafa.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwako Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa kupasua ubongo. Watu hupenda kusimulia kwamba kifo hicho ndicho kilichomfungua macho. Huenda ikawa kweli. Lakini kifo kimoja, hata kikiwa cha mtu mashuhuri namna gani, hakitoshi kuthibitisha neno. Kilichohitajiwa ni hesabu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, taa za barabarani zilizimwa Uingereza nzima ili ndege za adui zisione miji. Matarishi wa jeshi walipeleka barua usiku kwa pikipiki katika giza hilo. Cairns, aliyekuwa Oxford akiwatibu majeruhi wa vichwa, alikusanya habari zao. Akazitazama pia hesabu za nchi. Mwaka 1941 alitangaza matokeo katika jarida la madaktari, British Medical Journal. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa barabarani, na jeraha la kichwa ndilo lililoua zaidi ya yote. Nao majeruhi waliovaa kofia ngumu, ambao yeye mwenyewe aliwaona, walikuwa saba tu. Wala hata mmoja wao hakufa.

Hapa msomaji makini atauliza: je, waliovaa kofia wakafia njiani, wako wapi? Ni swali zuri mno. Daftari la wodi humjua yule tu aliyefika mlangoni akiwa hai. Aliyekata roho barabarani ameandikwa na polisi, au chumba cha maiti. Naye aliyechubuka kidogo amekwenda zake nyumbani, hakuandikwa popote. Tena daftari halijibu ila liliyoulizwa. Mwendesha bodaboda akiletwa leo katika hospitali yetu yoyote, na karani akaandika maneno mawili tu, "ajali barabarani", hakuna mtu atakayejua kesho kama kichwa chake kilikuwa wazi. Cairns aliweza kuhesabu wale saba kwa kuwa jambo la kofia liliulizwa, likaandikwa.

Novemba 1941 jeshi la Uingereza liliamuru kila askari apandaye pikipiki kazini avae kofia ngumu. Mwaka 1946 Cairns akarudi na hesabu nyingine, safari hii si ya wodi yake bali ya nchi nzima, vifo vya wapanda pikipiki mwezi baada ya mwezi tangu 1939 hata 1945. Tangu amri ile vifo vilikuwa vikipungua. Walakini mwanahistoria asiipe kofia sifa yote: Julai 1942 raia wa kawaida walinyimwa petroli ya matembezi yao, na pikipiki isiyotembea haimwangushi mtu. Kwa maoni yangu ushahidi wa wodi na ule wa nchi, kila mmoja ukiwa na kasoro yake, ulipata nguvu kwa kuwekwa pamoja.

Jeshi lilikuwa limekubali upesi. Raia wa Uingereza hawakulazimishwa na sheria kuvaa kofia hizo mpaka mwaka 1973, na Cairns alikuwa amekufa tangu 1952.