Mesotes: Wastani au Kiasi?

Soma maelezo ya kupika pilau yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Mchele hutajwa kwa kilo, nyama kwa kilo, vitunguu kwa idadi. Ukifika kwenye chumvi, tarakimu zinakoma: "chumvi kiasi." Mwanagenzi huona ameachwa njia panda. Mpishi mzoefu haulizi. Anaujua wingi wa mchele, anajua kama supu ya nyama imeshatiwa chumvi, na anajua mzee wa nyumba ana presha.

Neno hilo la jikoni ndilo ninalolipendekeza kwa istilahi ya Kigiriki, mesotes. Aristotle (384–322 KK), katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema tabia njema hukaa baina ya kasoro mbili, moja ya kuzidi na nyingine ya kupungua; hapo kati ndipo anapopaita mesotes. Ushujaa una woga upande huu, na upande ule kujitosa kichwakichwa. Ukarimu una uchoyo na ubadhirifu. (Hili la mwisho magazeti yetu yamelihamishia kwenye wizi wa fedha za umma, hata anayefuja mshahara wake mwenyewe karibu amebaki hana jina.)

Wako wanaotumia "wastani", na hoja yao si dhaifu. Neno limetoka kwenye Kiarabu wasat, yaani kati, na wasat ndilo alilolitumia Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, alipoyaeleza mafundisho haya kwa Kiarabu. Ila neno likishavuka bahari hupewa kazi nyingine. Wastani wetu ni wa hesabu: jumlisha, kisha gawanya. Ni wa ripoti ya shule pia, ambako C huitwa wastani na mzazi akiiona hukunja uso. Mwite shujaa "mtu wa wastani" uone kama atakushukuru.

Tena Aristotle mwenyewe aliikataa hesabu hiyo. Tuseme mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki) ni nyingi mno, na mina 2 ni chache mno. Mwalimu wa mazoezi hataamuru 6 kwa kuwa tu ziko katikati. Kwa Milo wa Croton, mwanamieleka aliyeshinda Olimpiki mara 6, huo ni mwonjo. Aliyeanza mazoezi jana atavimbiwa nazo.

Hapa kiasi kinafaa kuliko wastani. Asili yake ni qiyas, kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine. Isitoshe, kuzidi tunakuita tayari "kupita kiasi", kana kwamba kiasi ni kituo njiani na mtu amekiacha nyuma. Cha ajabu, upande wa kupungua hatuna msemo uliozoeleka namna hiyo. Sijasikia mtu akigombezwa kwa kutofika kiasi. Mgiriki naye alikwama papo hapo. Alipofika kwenye anasa za mwili, alikiri kwamba wasiozifurahia ipasavyo ni adimu hata hawana jina, ikambidi awabandike moja.

Kiasi nacho kina mtego wake. "Nina njaa kiasi" ni njaa ndogo, ya kungoja. Mazoea hayo yanaharibu kabisa mjadala wa hasira. Kwa Aristotle, asiyekasirika panapostahili amepungukiwa. Kukaa kimya jamaa zako wakitukanwa, kwake, ni tabia ya kitumwa. Ukiandika kwamba mtu mwema "ana hasira kiasi", msomaji atasikia hasira kidogo, na mwanafalsafa atakuwa amelishwa maneno. Ziko siku ambapo hasira inayotakiwa ni kubwa.

Niliyoyajaribu ni mengi: "kadiri", "ukatikati", hata "kati na kati", ambayo inanukia mtu asiyetaka kuchagua upande. Kilichonitoa ni kimilikishi tu. Hasira kwa kiasi chake. "Chake" kinakirudisha kipimo kwenye jambo lenyewe, na ile maana ya "kidogo" inakosa pa kukaa. Milo ale kwa kiasi chake, na kijana wa jana kwa kiasi chake. Sentensi haibadiliki, sahani zinabadilika. Mhariri atanung'unika kwamba maneno mawili ni mengi kwa istilahi moja. Basi kwenye faharasa nitamwandikia "kiasi", na ndani ya kitabu nitabaki na "kiasi chake".