Nyanya zikinyauka ghafla, usikimbilie dukani

Wadau, nyanya za uani zikinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, na ukimwagilia hazirudi, mara nyingi huo ni mnyauko bakteria. Mimi napima hivi: nakata kipande cha shina karibu na mizizi, nakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, nasubiri dakika chache. Nikiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ndio wenyewe.

Dawa ya ukungu ni kupoteza hela tu, mche ulioambukizwa hauponi. Ng'oa na mizizi yake, choma moto, osha jembe. Hapo usirudishe nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo. Panda mahindi misimu kadhaa. Bakteria hao hukaa udongoni miaka, jamani!