Risasi za shaba za Bunkeya, na sufuria ya mama mmoja



Mama mmoja deplase, aliyetoka upande wa Mitwaba, aliniita nyuma ya nyumba anapopanga. Mwindaji mmoja alimwazima sufuria, akayeyusha ndani yake risasi ya batri ya motokari ili atengeneze vidonge vya bunduki yake ya kienyeji. Akairudisha imeoshwa vizuri. «Mwanangu, wewe ni mutu wa radio. Naweza kupikia bukari humu?»

Nilimjibu hapana, lakini swali lake lilinirudisha Bunkeya.

Katika Kiswahili, neno «risasi» ni madini na ni kidonge cha bunduki pia, kwa sababu mahali pengi vyote viwili ni kitu kimoja. Kwetu Katanga haikuwa hivyo. Msiri, aliyetoka Usumbwa katika Tanzania ya leo akasimika utawala wa Wayeke Bunkeya, alipata bunduki na baruti kwa pembe za ndovu, shaba na, tusifiche, watumwa. Risasi ya kuyeyusha ilitoka mbali. Shaba ilikuwa chini ya miguu. Basi mafundi wakatengeneza vidonge vya shaba.

Si kazi ndogo. Risasi huyeyuka kwa digrii 327, hata moto wa jikoni unatosha. Shaba inadai digrii 1085: makala mengi, tanuru la udongo wa kichuguu, na vijana wa kuvuta mivukuto bila kuchoka. Halafu kuna kipimo. Kidonge kikiwa kidogo kuliko mtutu, nguvu ya baruti inapita pembeni na mnyama anaenda zake. Kikiwa kikubwa kinakwama, na bunduki inaweza kumpasukia mwenyewe. Risasi ni laini, inakubali kubanwa. Shaba ni ngumu, haisamehe fundi. Lakini Wayeke walijua vipimo: ndio hao waliovuta nyaya za shaba kwa kuzipitisha katika tundu la chuma, wakasuka bangili nyembamba ambazo watu wanazisifu mpaka leo.

Mafuta nayo yana historia yake. Baruti nyeusi inaacha masizi mengi, kwa hiyo Wazungu walipaka risasi zao nta au mafuta ya wanyama ili ziteleze na masizi yalainike. Huko India, mwaka 1857, askari wa Waingereza walisikia kwamba karatasi za risasi mpya, ambazo walizikata kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Wahindu na Waislamu wakakataa pamoja. Tarehe 10 Mei uasi ukalipuka Meerut. Mafuta kidogo tu!

Msiri mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, mkononi mwa kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs. Bodson naye alipigwa palepale, akafa. Miaka 20 baadaye, 1911, tanuru la kampuni lilianza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi, baada ya reli kufika mwaka 1910 kutoka kusini.

Reli hiyo inapita Kabwe, Zambia. Huko walichimba risasi mpaka 1994, na hata leo udongo wake unaingia katika damu ya watoto wanaocheza nje. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, sabuni haiiondoi chomboni. Inashika ubongo wa mtoto polepole: anachelewa kusema, anashindwa shuleni, na watu wanadhani karogwa.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Ni sufuria yake ya pekee kubwa, aliibeba kichwani njia yote. Akaomba musumari na jiwe kwa jirani, akaitoboa matako mara tatu, ili asiwepo mtu wa kuiokota aipikie. Jioni ile jirani akamwazima ya kwake.